Spika inayokunyima usingizi iko wapi? Hesabu za sauti zina jibu

MJI wa Bariadi umekua kwa kasi tangu mwaka 2012, ulipofanywa makao makuu ya mkoa mpya wa Simiyu. Pamoja na ofisi, maduka na barabara za lami, zimekuja pia spika: za baa, za kumbi za harusi, za nyumba za ibada, za magari ya matangazo na za vijana wanaouza muziki kando ya stendi.

Mchana kelele hizo humezwa na shughuli za mji. Tatizo huanza usiku. Mkazi wa Somanda au Malambo aliyelala na mtoto mgonjwa husikia ngoma nzito ikigonga ukutani, akatoka nje kutega sikio, akaona kama inatoka upande wa barabara kuu. Akisogea hatua 20, anaona kama inatoka upande wa pili. Kesho yake akifika kwa mwenyekiti wa mtaa, mwenye baa anayetajwa anajibu kuwa yeye alifunga mapema na kwamba muziki ulikuwa wa mwenzake wa mtaa wa jirani. Mwenzake naye anasema hivyo hivyo.

Shauri kama hilo huishia hapo, kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha sauti ilitoka wapi. Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na Kanuni za viwango vya kelele na mitetemo zilizotungwa chini yake mwaka 2015, zinaweka ukomo wa kelele kwa kutofautisha maeneo ya makazi, biashara na viwanda, na kwa kutofautisha mchana na usiku. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) limefungia kwa muda baa na kumbi kadhaa Dar es Salaam na mikoani katika miaka ya karibuni. Lakini kifaa cha kupima kelele husema ni desibeli ngapi tu. Hakisemi ni za nani.

Swali la pili, la mahali, lina taaluma yake. Ni tawi la uchambuzi wa mawimbi ya sauti, na kazi yake ni kukadiria mahali spika ilipo kwa kutumia sauti yenyewe, bila kuiona. Hesabu zake si za kutisha. Mtu aliyemaliza sekondari anaweza kuzifuatilia, na vifaa vyake vikuu viko mfukoni mwa kila mmoja wetu.

Kabla ya kuendelea, tukubaliane juu ya maneno. Katika makala haya spika ni chombo kinachotoa sauti, na kipaza sauti ni kile kinachoipokea, yaani maiki, iwe ya jukwaani au ile ndogo iliyo ndani ya simu ya kiganjani.

Sauti ina mwendo wa pole

Msingi wa mambo yote ni kwamba sauti huchelewa. Katika hewa yenye nyuzi joto 20 za Selsiasi husafiri takribani mita 343 kwa sekunde. Wakulima wa Simiyu wanalijua jambo hili kwa macho: radi ikimulika upande wa Ziwa Victoria, ngurumo hufuata baadaye, na kila sekunde tatu za kusubiri ni sawa na kilometa moja hivi. Mwanga unafika papo hapo, sauti inakuja kwa miguu.

Ikiwa tunajua sauti ilianza lini na ilifika lini, tunajua umbali. Hiyo ndiyo kanuni, na mengine yote ni namna ya kuzunguka vikwazo vyake.

Kompyuta ina faida moja kubwa juu ya masikio yetu katika kazi hii. Simu ya kawaida hurekodi sauti kwa kuchukua vipimo 44,100 au 48,000 katika kila sekunde. Kati ya kipimo kimoja na kinachofuata, sauti huwa imesogea milimita saba au nane tu. Kwa hiyo rekodi ya simu, ikitumiwa vizuri, ni rula yenye alama ndogo kuliko upana wa kidole.

Masikio nayo si ya kubezwa. Ubongo hutambua upande wa sauti kwa kulinganisha muda inaofika sikio la kulia na la kushoto, tofauti ambayo haizidi sana milisekunde 0.7, na pia kwa kulinganisha ukubwa wake pande zote mbili. Mwanafizikia wa Kiingereza Lord Rayleigh aliieleza nadharia hiyo mwaka 1907. Kwa sauti ya mtoto anayelia au jogoo anayewika, mfumo huo hufanya kazi vizuri ajabu.

Kwa besi ya baa mfumo huo hushindwa. Wimbi la sauti nzito ya mitetemo 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita saba, ilhali masikio yetu yametengana sentimita 20 tu. Kwa wimbi refu kiasi hicho, masikio mawili ni kama sikio moja. Isitoshe, sauti nzito hupita ukutani wakati sauti nyembamba za muimbaji na gitaa zimezuiwa nje, hivyo kinachomfikia aliyelala ni kile hasa ambacho hawezi kukijua kinatoka wapi.

Usiku wenyewe huongeza utata. Jua linapozama katika uwanda wa wazi kama wa Bariadi, ardhi hupoa haraka na hewa iliyo karibu nayo hupoa pamoja nayo, huku hewa ya juu ikibaki na joto. Sauti iliyokuwa ikipanda angani na kupotea mchana sasa hupindishwa kurudi chini. Ndiyo sababu spika iliyo kilometa mbili mbali, ambayo saa nane mchana haisikiki kabisa, inaweza saa nane usiku kusikika kana kwamba iko uani kwa jirani. Ugomvi kadhaa wa majirani, kwa maoni ya mwandishi huyu, una chanzo chake katika fizikia hii kuliko katika ubaya wa mtu.

Wapo wanaodhani kwamba inatosha kutembea na kupima wapi sauti ni kubwa zaidi. Mahali pa wazi kabisa, sauti hupungua kwa desibeli sita kila umbali unapoongezeka maradufu, na mtu angeweza kurudi nyuma kwa hesabu hadi kwenye chanzo. Lakini spika za pembe huelekeza sauti upande mmoja, nyumba huikinga, na upepo huisukuma. Aliye nyuma ya spika mita 40 anaweza kuisikia kidogo kuliko aliye mbele yake mita 150. Ukubwa wa sauti ni shahidi dhaifu. Muda ni shahidi imara zaidi.

Pale mwenye spika anapokubali

Tuanze na hali iliyo rahisi, ambayo mwenye spika hana la kuficha na anataka kujua spika zake zimekaaje.

Mfano mzuri ni viwanja vya Nyakabindi, nje kidogo ya mji wa Bariadi, ambako Maonesho ya Nane Nane yalifanyika kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020. Katika uwanja mpana kama ule, spika za jukwaani peke yake hazitoshi. Mafundi huweka nyingine katikati ya umati au nyuma yake. Tuseme spika za nyuma ziko mita 70 kutoka jukwaani. Nyaya hupeleka ishara kwa kasi kubwa sana, hivyo spika zote hutamka neno kwa wakati mmoja. Lakini kwa mkulima aliyesimama nyuma, neno la spika iliyo karibu naye limemfikia, kisha moja ya tano ya sekunde baadaye linamfikia neno lile lile kutoka jukwaani.

Moja ya tano ya sekunde ni kama silabi moja ya Kiswahili kinachozungumzwa kwa kasi ya kawaida. Bwana shamba akitaja kiasi cha dawa ya pamba kwa kila ekari, silabi ya kwanza inakanyagwa na ya pili, na tarakimu aliyoitaja inaweza kusikika kama nyingine. Katika mkoa unaotegemea pamba kiasi kile, kusikia vibaya kipimo cha dawa ni hasara ya msimu.

Dawa yake ni kuzichelewesha spika za nyuma kwa makusudi, kwa muda ule ule ambao sauti ya jukwaani inahitaji kufika hapo. Fundi makini huongeza milisekunde 10 hadi 15 juu yake. Mjerumani Helmut Haas alionyesha katika utafiti wake wa mwishoni mwa miaka ya 1940 kuwa sikio huiamini sauti iliyotangulia kufika, hata kama inayofuata ina nguvu kidogo zaidi. Hivyo msikilizaji wa nyuma hupata nguvu kutoka spika iliyo karibu, lakini huhisi msemaji yuko jukwaani.

Ili kuchelewesha sawasawa lazima umbali ujulikane, na hapo ndipo uchambuzi wa sauti unapoingia. Badala ya kukokota futi kamba katikati ya watu na mabanda, fundi huweka vipaza sauti vinne mahali alipopapima, kisha huamuru kila spika, moja baada ya nyingine, itoe mlio unaopanda kutoka sauti nzito hadi nyembamba. Kompyuta inayocheza mlio ndiyo hiyo hiyo inayorekodi, hivyo inajua sekunde ulipoanza. Mlio huo unaopanda ulipata umaarufu kupitia kazi ya Mtaliano Angelo Farina ya mwaka 2000. Unapendwa kwa sababu unagusa sauti zote na kwa sababu hauchanganyiki kirahisi na makelele ya watu.

Kutoka kipaza sauti cha kwanza tunapata umbali, tuseme mita 30. Spika basi iko mahali fulani kwenye duara lenye nusu kipenyo cha mita 30. Fundi ujenzi angelichora kwa kamba na mambo mbili ardhini. Kipaza sauti cha pili kinatoa duara lingine, na maduara mawili hukatana katika nukta mbili. La tatu huchagua moja kati ya hizo. Cha nne husaidia kupata urefu wa spika kutoka ardhini na kukagua makosa ya vile vingine.

Kuna sharti ambalo wengi hulisahau: vipaza sauti visipangwe katika mstari mmoja ulionyooka. Vikipangwa hivyo, hesabu haiwezi kutofautisha spika iliyo upande huu wa mstari na iliyo upande ule, hata vikiwa vipaza sauti mia.

Joto nalo lazima liingizwe. Mchana wa nyuzi 33 sauti husafiri mita 351 hivi kwa sekunde, na jioni ya nyuzi 20 hushuka hadi 343. Tofauti hiyo, katika umbali wa mita 70, ni kosa la zaidi ya mita moja na nusu. Kipimajoto cha bei ndogo ni sehemu ya vifaa vya kazi hii kama ilivyo kompyuta.

Redio za kisasa za sinema ya nyumbani zina utaratibu huu ndani yake. Mtu huchomeka maiki ndogo, huiweka kwenye kochi, na redio hupiga milio kadhaa kujua kila spika iko umbali gani. Wengi huona ni kero ya dakika moja wanaponunua na hawajui kimefanyika nini.

Pale mwenye spika anapokana

Turudi kwa mkazi wetu wa Somanda. Mwenye baa hatatoa mlio wa majaribio, na hakuna ajuaye wimbo ulianza sekunde gani. Umbali hauwezi kupatikana moja kwa moja.

Kinachopatikana ni tofauti. Wakazi watatu wanaokaa nyumba tofauti wanarekodi muziki ule ule kwa wakati mmoja. Tuseme rekodi ya nyumba ya pili iko nyuma ya ile ya kwanza kwa sekunde 0.204, na ya tatu iko nyuma ya ile ya kwanza kwa sekunde 0.350. Kwa mwendo wa mita 343 kwa sekunde, spika iko mbali na nyumba ya pili kwa mita 70 zaidi ya ilivyo mbali na ya kwanza, na mbali na nyumba ya tatu kwa mita 120 zaidi. Iwe mita 60, 130 na 180, au 80, 150 na 200, hatujui bado.

Lakini kila tofauti huchora mstari wake kwenye ramani. Nukta zote zilizo mbali na nyumba ya pili kwa mita 70 kuliko ya kwanza hufanya mkunjo kama upinde, ambao wanahisabati huuita haipabola. Tofauti ya pili huchora upinde mwingine. Pinde hizo zinapokatana ndipo spika ilipo. Mara nyingine hukatana mara mbili, na hapo nyumba ya nne yenye kinasa sauti humaliza ubishi.

Swali linalobaki ni jinsi ya kujua kuwa rekodi moja iko nyuma ya nyingine kwa sekunde 0.204 na si 0.240. Kompyuta huzilaza rekodi mbili sambamba na kutelezesha moja juu ya nyingine kidogo kidogo, ikipima kila hatua zinafanana kiasi gani. Ni kama mama anayelinganisha vipande viwili vya kanga: anasogeza kimoja juu ya kingine hadi maua yalingane, kisha anaona kimezidi upande gani na kwa kiasi gani.

Mfano wa kanga unatuonyesha pia hatari iliyopo. Katikati ya kanga kuna maua madogo yanayojirudia, na ukilinganisha hayo peke yake utapata ulinganifu mahali pengi. Muziki wa dansi ni hivyo hivyo. Ngoma inayogonga mara 120 kwa dakika hujirudia kila nusu sekunde, na kompyuta ikikosea kwa pigo moja itakosea umbali kwa mita 171, yaani itamshtaki mtu wa mtaa mwingine. Mama huangalia jina la kanga, kwa kuwa maandishi hayajirudii. Kompyuta nayo hutafuta kisichojirudia: sauti ya muimbaji, mbwembwe za mshereheshaji, mlango wa wimbo mmoja kwenda mwingine.

Kuna mbinu nyingine ya kuisaidia. Mwaka 1976 Wamarekani Charles Knapp na Clifford Carter walichapisha njia ya kuzipa sauti nzito na nyembamba uzito unaofaa kabla ya kulinganisha. Katika aina yake inayotumika zaidi leo, kila sauti hupewa uzito sawa ili besi isizimeze nyingine, na kinachobaki ni taarifa ya muda tu. Ulinganifu uliokuwa kilima kipana huwa mnara mwembamba, na mahali pake panasomeka wazi. Karibu nusu karne baadaye, njia hiyo bado ndiyo ya kwanza kujaribiwa na wanafunzi wa fani hii.

Saa za simu hazikubaliani

Mpango huu una kikwazo ambacho kingeweza kuufuta kabisa. Simu tatu zina saa tatu. Zikitofautiana kwa nusu sekunde, jambo la kawaida kabisa, makosa yanakuwa mita 170.

Watafiti wa Microsoft mjini Beijing walitoa mwaka 2007 suluhisho ambalo linapendeza kwa urahisi wake. Walitaka kujua umbali kati ya simu mbili bila kuzitegemea saa zake. Kila simu inapiga mlio mmoja, na kila moja inarekodi milio yote miwili, wake na wa mwenzake. Simu ya kwanza inapima muda kati ya milio hiyo kama ilivyoisikia, tuseme sekunde 2.05. Simu ya pili inapima vilevile na kupata sekunde 1.95. Tofauti ya vipimo hivyo, sekunde 0.10, ni safari ya sauti kwenda na kurudi: mita 34.3. Nusu yake, mita 17.15, ndiyo umbali kati ya simu hizo. Hakuna mahali popote ambapo ilihitajika kujua ni saa ngapi. Watafiti hao waliripoti usahihi wa sentimita moja au mbili kwa simu za wakati ule.

Kwa simu zilizotawanyika mtaa mzima, mlio wa simu hausikiki mbali kiasi hicho. Hapo hutumika saa ya satelaiti, ambayo vinasa sauti maalumu huipokea moja kwa moja, au njia ya kienyeji zaidi: simu zote hukusanywa mezani, zikaanza kurekodi, mtu akapiga kofi moja kubwa, kisha kila mwenye simu akaenda nayo kwake bila kuizima. Kofi lile linakuwa alama ya pamoja. Saa za simu huachana taratibu kadiri muda unavyopita, hivyo simu hukusanywa tena mwishoni na kofi la pili hupigwa.

Mwangwi unavyodanganya

Yote hayo yanadhani kuwa sauti ilikuja kwa njia iliyonyooka. Mjini haiji hivyo. Hugonga mabati, ukuta wa ghala, ubavu wa kiwanda cha kuchambua pamba, na kila kitu kilichogongwa hurudisha nakala. Kwa kawaida nakala hizo hazina madhara makubwa kwa sababu njia iliyonyooka ndiyo fupi kuliko zote, na sauti iliyotangulia kufika ndiyo ya kweli. Kompyuta hufundishwa kutafuta mnara wa kwanza hata kama si mrefu kuliko yote.

Lakini spika ikiwa nyuma ya jengo, njia iliyonyooka inaweza kuzibwa kabisa, na sauti ya kwanza kufika ikawa mwangwi. Pinde zitakatana vizuri, kwa uhakika wote, juu ya nyumba ya mtu asiye na hata redio. Pia baa zenye spika mbili au tatu zinazocheza wimbo mmoja hutoa minara kadhaa, na kuchanganya mnara wa spika moja na wa nyingine huzaa spika ambayo haipo popote.

Mwangwi huo huo, ukiwa ndani ya chumba, unaweza kugeuzwa kuwa msaada. Mwaka 2013 Ivan Dokmanić na wenzake wa chuo cha EPFL cha Lausanne, Uswisi, walionyesha kuwa kwa spika moja na vipaza sauti vichache, mwangwi wa kwanza kutoka kila ukuta unatosha kuchora umbo la chumba chote. Kila ukuta hufanya kazi kama kioo chenye spika ya pili nyuma yake, na kuitafuta spika hiyo ya kwenye kioo ni kuutafuta ukuta.

Kwa sababu hizo, ramani ya sauti haipaswi kufika kwa mtendaji wa kata ikiwa peke yake. Inaweza kumwelekeza mkaguzi aende wapi na kifaa chake cha desibeli, saa ngapi. Hilo peke yake ni msaada mkubwa, kwa kuwa ukaguzi mwingi huangukia usiku ambao spika imepunguzwa. Liko pia suala la faragha. Kinasa sauti kilichowekwa dirishani usiku kucha hunasa muziki wa baa pamoja na maongezi ya chumbani na ya wapita njia. Programu nzuri hubakiza tofauti za muda tu na kufuta sauti yenyewe. Wakazi wanaotaka kufanya jaribio hili na waitafute ya namna hiyo.

Uwanjani na msituni

Wasukuma walijua nguvu ya vyanzo viwili vya sauti kabla ya umeme. Katika mashindano ya ngoma ya baada ya mavuno, Bagika na Bagalu, makundi ambayo mapokeo huyanasibisha na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila upande ukimkabili mwenzake. Hakuna jaji wa kutoa alama. Watu huhama kutoka kundi moja kwenda lingine, na lenye umati mkubwa ndilo mshindi. Aliye katikati husikia manju wawili na hugeukia mmoja.

Spika zilipoingia katika uwanja wa aina hiyo, mizani ikaguswa. Kundi ambalo spika zake zimewekwa karibu zaidi na katikati huwafikia watazamaji mapema na kwa nguvu zaidi, hata kama manju wake ni wa kawaida. Mpimaji mwenye vipaza sauti vinne angeweza kuonyesha kwa dakika chache kama spika za pande zote mbili ziko umbali sawa kutoka mstari wa kati. Ni kazi ndogo, ila katika mashindano yanayobishaniwa kwa mwaka mzima si haba.

Mashariki mwa mkoa, hesabu hizi hizi zina uzito mwingine. Pori la Akiba la Maswa, linalopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ndipo rubani Mwingereza Roger Gower alipouawa Januari 2016, helikopta yake ilipopigwa risasi na majangili wa tembo. Mlio wa bunduki ni rahisi kuutafuta kuliko wimbo wa baa, kwa kuwa ni mfupi, mkali na haujirudii. Vipaza sauti vitatu au zaidi vyenye saa moja vinatosha kueleza risasi imepigwa wapi. Mbinu hiyo ilianzia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambapo William Lawrence Bragg, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1915 akiwa na umri wa miaka 25, aliongoza kikosi cha Waingereza kilichotafuta mizinga ya Wajerumani kwa tofauti za muda wa milio yake. Alihangaishwa na upepo na joto la hewa kama atakavyohangaishwa fundi wa Nyakabindi.

Tembo wenyewe ni mafundi wa kazi hii. Huwasiliana kwa miungurumo ambayo sehemu yake iko chini ya mitetemo 20 kwa sekunde, isiyosikika na binadamu, na huitikiana wakiwa mbali kwa kilometa kadhaa. Wakati vijiji vya Bariadi, Itilima, Meatu na Busega vinavyoelekeana na hifadhi vikiendelea kupoteza mazao kwa wanyama hao, jaribio moja la Kenya linafaa kukumbukwa. Lucy King na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, walificha spika karibu na tembo waliopumzika na kucheza sauti ya nyuki waliokasirika. Familia 16 kati ya 17 ziliondoka ndani ya sekunde 80. Walikimbia mbali na spika, ishara kwamba walikuwa wamekwisha kukadiria ilipo. Watafiti hao baadaye waliachana na spika na kuning'iniza mizinga yenye nyuki halisi kwenye uzio wa mashamba, kwa kuwa mkulima anaweza kurina asali yake na haihitaji umeme.